Betri za akiba za kamera kwenye ndege

Je, betri za akiba za kamera zinaweza kuingia kwenye sanduku unalokabidhi kaunta? Hapana, zisiingie. Betri za akiba za lithiamu hubebwa kwenye begi la mkononi tu. Ndivyo kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinavyosema. Sababu ni moto: betri ikipata shoti ndani ya kabini, wahudumu wanaiona na kuizima mapema, lakini chini kwenye mizigo hakuna wa kuifikia.

Kikomo bila kibali ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) kwa kila betri. Kama Wh haijaandikwa, zidisha volti kwa mAh (miliampea-saa, kiasi cha chaji) kisha gawanya kwa 1,000. Betri ya volti 7.2 na mAh 2,000 ni Wh 14.4, kwa hiyo za kamera za kawaida hazikaribii hata robo. Zenye Wh 100 hadi 160 (mara nyingi za kamera kubwa za video) zinahitaji kibali cha shirika la ndege, na mwisho ni mbili za akiba.

Kinachosahaulika zaidi ni vile vichwa vya betri, yaani sehemu za chuma zinazopitisha umeme. Vifunike kwa kifuniko chake au selotepu, kila betri mfuko wake. Sarafu au funguo zikivigusa, shoti hiyo hapo.

Mashirika mengine huweka idadi ya juu, angalia la kwako.