Aya ile haikuwa ya kumsomea Baba

Wiki hii mmeuliza: ikiwa Mungu ni mwadilifu, kwa nini mja mwema apatwe na mabaya, na vitabu vyenyewe vinasemaje? Najibu kwa yaliyotufika kwetu Sahare, hapa Tanga.

Baba ni mvuvi. Miaka ile baruti zilipokuwa zikilipuka kwenye miamba yetu, yeye hakuzigusa. Alirudi na vitu vya kitoweo tu huku wenzake wakijaza madau, na hata hivyo katika hivyo vichache alimtolea fungu mjane wa nyumba ya tatu. Kiharusi kilimwangusha alfajiri moja akitoka kuswali.

Siku ya tatu alikuja mzee mmoja anayeheshimika mtaani. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akasoma aya ya 30 ya Sura ya 42: misiba inayokupateni ni kwa sababu ya vitendo vya mikono yenu. Akamwambia Baba ajichunguze, atubu. Ulimi wa Baba ulikuwa mzito, hakuweza kujibu. Chozi lilimtoka jicho la kushoto, upande uliolala, likateremka hadi pembe ya mdomo na mkono usinyanyuke kulifuta. Mama akalifuta kwa ncha ya leso.

Aya ile ni ya haki, naiamini. Lakini mzee aliikata njiani, maana inamalizia kuwa Yeye anasamehe mengi. Na Qurani hiyohiyo, katika Sura ya 2, inasema tutajaribiwa kwa hofu, njaa, upungufu wa mali, watu na matunda, kisha inawabashiria wenye kusubiri. Hapo halitajwi kosa la mtu. Nabii Ayubu naye, katika Sura ya 38, anasifiwa kuwa mwenye subira na mja mwema. Mikono yake yeye ilitenda nini? Swali hili nimelala nalo na kuamka nalo miaka mitatu. Nilipofikia ni kwamba aya ile naisoma mimi, yanaponifika yangu, nikiwa peke yangu na nafsi yangu. Kumsomea mgonjwa aliyelala ni kujifanya umelifunua daftari la amali zake.

Wakristo nao wana mvutano huu. Jirani yetu Mama Neema, Mwanglikana wa Muheza, alinifungulia Biblia yake. Zaburi ya 37 inasema: "Nalikuwa kijana nami sasa ni mzee, lakini sijamwona mwenye haki ameachwa." Mhubiri, sura ya 7, anasema amemwona mwenye haki akipotea katika haki yake. Nikamuuliza yupi mkweli. "Mwanangu, kila mmoja aliandika alichokiona," akanijibu. Sikuridhika, na hadi leo sijaridhika.

Kilichonikaa moyoni ni kitabu cha Ayubu. Rafiki zake walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, bila neno. Walipofungua midomo wakaanza kumtafutia dhambi. Mwisho wa yote Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wa rafiki hao, kuwa amemkasirikia yeye na wenzake wawili, kwa kuwa hawakumsema Mungu sawasawa kama Ayubu. Na ndiye Ayubu aliyelia na kumdai Mungu jibu kurasa nzima!

Mama Neema mwenyewe, majuma yale ya mwanzo, alikuja kila asubuhi na ungo wa mchele, akakaa mkekani karibu na Baba, akachambua. Chuya huku, mchele huku, hasemi kitu. Baba, aliyekuwa hapati usingizi usiku kucha, alilala yeye akiwapo.

Mwezi uliopita yule mzee alifiwa na mjukuu wake, mtoto mdogo. Nilichukua ungo wetu nikaenda. Nikakaa na mkewe upande wa wanawake, tukachambua mchele wa hitima hadi adhuhuri.