Maswali ya Wasomaji: Skua, Mpokonyaji wa Baharini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika filamu ya wanyama niliona ndege wa rangi ya kahawia akimng'ang'ania mwenzake ncha ya bawa angani hadi wakaanguka majini. Je, huyo ni jamii ya mwewe? Na kwa nini asivue samaki wake mwenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo yako yanamfaa skua mkubwa, ambaye huzaliana Iceland, Norway, visiwa vya Faroe na kaskazini mwa Scotland. Ana tabia za mwewe, lakini kinasaba yuko karibu zaidi na shakwe. Miguu yake inastaajabisha: vidole vimeunganishwa kwa utando kama vya bata, na kila kimoja kina ukucha mkali uliopinda.

Kuvua huvua, ila hana uwezo wa kupiga mbizi ya kina, na ndiyo maana humvizia ganeti, ndege mweupe mwenye uzito wa takriban kilo 3, karibu maradufu ya wake, anayerudi kiotani na samaki tumboni. Humshika bawa au mkia, humyumbisha hadi aanguke baharini, na hamwachi mpaka atapike alichomeza. Kilichotapikwa ndicho mlo wa skua. Ndege wadogo, kama pafini, huwaua na kuwala, kisha hucheua madonge ya manyoya na mifupa ambayo huonekana yametapakaa majanini karibu na viota.

Kiota chenyewe ni kishimo kifupi ardhini chenye mayai 2 kwa kawaida, na anayekikaribia, awe kondoo au binadamu, hushambuliwa kwa mateke ya kichwani.

Linalonihuzunisha ni kwamba ndege huyu shupavu ameangamizwa na homa ya mafua ya ndege, iliyoanza kumwua kwa wingi Scotland mwaka 2021. Hesabu ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba katika maeneo yaliyokaguliwa Uingereza, zaidi ya robo tatu ya skua wakubwa walikuwa wametoweka. Pengo hilo halitazibwa upesi, kwa sababu kifaranga anayeanguliwa leo, akinusurika, kwa kawaida atataga yai lake la kwanza baada ya miaka 7 hivi.