Jibu kwa mama wa Tukuyu: binti anayetaka kusomea usanifu wa mashine na ukerezaji

Shikamoo mama. Umeandika kwamba binti yako amemaliza kidato cha nne, ana C ya hisabati na D ya fizikia, anapenda kuchora na kufumua kila mashine iliyoharibika hapo nyumbani. Kuna mtu amekushauri umpeleke kozi fupi ya kuchora kwa kompyuta hapa Mbeya mjini, eti siku hizi kila kitu ni kompyuta. Baba yake naye anasema mashine za chuma ni kazi ya wanaume. Mimi ni mkerezaji, yaani fundi wa kukata chuma kwenye mashine inayokizungusha, na ni mwanamke, niko kwenye karakana ya vipuri huku Iyunga. Nilipita VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, baadaye nikasoma diploma ya uhandisi mitambo. Nitajibu kwa urefu maana hili nalijua kwa mikono.

Kozi ya programu ya kuchorea peke yake haitampa kazi. Mtafutie mafunzo ambayo meza ya kuchorea na mashine viko chini ya paa moja, na kile anachokichora ndicho anachokwenda kukikata yeye mwenyewe.

Nieleze kwa kazi zinazotujia. Wateja wetu ni wenye mashine za mpunga wa Ubaruku, wenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kutoka Chunya, wapasua mbao wa Mafinga, na watu wa chai wa huko kwenu Rungwe. Mtu anafika na kipuri mkononi, shafti iliyolika au gia iliyong'oka meno mawili. Mashine ni ya zamani, kitabu chake hakipo, spea haipatikani dukani. Anasema, "Nichongee kama hii." Fundi wa kunakili anapima shafti iliyolika na kumchongea nyingine nyembamba vilevile. Aliyefundishwa usanifu anauliza ilikuwa na kipimo gani ilipotoka kiwandani, inakaa ndani ya nini, inazunguka au imebanwa, na kwa nini imevunjika hapo na si penginepo.

Chukua hiyo gia. Unahesabu nafasi za meno, pamoja na yale yaliyong'oka, unapata 40. Unapima kipenyo cha nje, unapata milimita 83.4. Gia ya kawaida ya meno yaliyonyooka, kipenyo chake cha nje ukikigawa kwa idadi ya meno iliyoongezwa 2 unapata moduli, yaani namba inayoonyesha ukubwa wa meno. Hapa ni 83.4 kugawa kwa 42, jibu ni 1.99 hivi. Moduli zina saizi zake zinazojulikana, na 1.99 si mojawapo, kwa hiyo hii ni moduli 2 na gia mpya ilikuwa na milimita 84. Ile 0.6 imeliwa na kazi. Binti mwenye C ya hisabati anaiweza hesabu hiyo bila shida, na mteja anaondoka na gia inayoshikana na mwenzake badala ya kurudi baada ya wiki akilalamika kelele.

Kisha kuna toleransi, yaani kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua kwenye kipimo. Hapa ndipo naomba umwelewe mwalimu atakayemsumbua mtoto wako. Kwenye mchoro toleransi huandikwa kwa alama, herufi na namba. Tundu la milimita 25 lililoandikwa H7 linatakiwa liwe kati ya 25.000 na 25.021. Shafti itakayozunguka humo kwa ulaini, ya g6, inakatwa kati ya 24.980 na 24.993. Lakini kama unataka shafti ibanwe humo isitoke, p6, inakuwa kati ya 25.022 na 25.035. Kutoka shafti kubwa kabisa inayozunguka hadi ndogo kabisa inayokaza ni milimita 0.029, haifiki hata unene wa unywele. Mwanafunzi aliyeandika "25" kwenye mchoro bila kusema chochote zaidi, amemwachia mkerezaji abahatishe.

Na joto nalo lina lake. Vipimo vya viwandani duniani vimewekewa nyuzi joto 20. Shafti ya milimita 50 ikitoka kwenye mashine ikiwa na nyuzi 60, ukiipima palepale ukafurahi kwamba imefika, ikipoa itakuwa imesinyaa kama milimita 0.02. Kwa saizi hiyo toleransi nzima ya daraja la 7, ile 7 ya kwenye H7, ni 0.025. Asubuhi za Juni hapa Mbeya, karakana ikiwa ya baridi kali, tunakiacha kipande kikae mezani na mikromita yake, kile kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, kabla ya kukipima kwa mwisho. Jambo kama hili hulipati kwenye skrini.

Sisemi kompyuta haifai. Mimi huchora humo karibu kila kazi, na programu kama FreeCAD ni ya bure kabisa, anaweza kuanza kuichezea hata kabla ya chuo. Tatizo ni kwamba programu haikukatalii. Itakuruhusu uchore kona ya ndani iliyo kali kama ya sanduku, wakati kisu cha milingi, mashine ambayo kisu ndicho kinachozunguka, ni cha duara na lazima kiache mviringo hapo. Itakuruhusu uweke bega la shafti bila kuacha mfereji mdogo wa kupumzikia kisu, na beringi ikija haikai mpaka mwisho. Aliyewahi kuikata kona hiyo mwenyewe anaiona kasoro akiwa bado anachora. Tena mashine za CNC, zinazoongozwa na kompyuta, ambazo ndizo kila kijana anazitamani, zinataka hesabu zilezile. Chuma laini cha milimita 25, kisu cha chuma cha kasi, ukikata kwa mita 30 kwa dakika, mashine izunguke kama mara 380 kwa dakika. Kwenye mashine ya mkono ukizidisha sana unasikia kisu kinalia, unapunguza. CNC inatekeleza ulichoiandikia, hata kama ni kugonga kisu kwenye taya zinazobana kipande.

Kuhusu njia za kupita. VETA wanamfundisha mkono zaidi, kwa ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Diploma ni miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na kuna hesabu na nadharia nyingi zaidi: nguvu za vifaa, usanifu wa vipuri, uzalishaji. Hapa Mbeya kuna MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, na diploma ya uhandisi mitambo wanayo. Vipo pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, na hata huko kwenu Rungwe kuna cha Katumba. Ni vya karibu na vina nafuu, ila vingi vina nguvu kwenye uchomeleaji, useremala na ushonaji, kwa hiyo kwa ukerezaji kaulize kwanza kama mashine ipo na inafanya kazi.

Maana jina la kozi halitakuonyesha kitu. Kabla hujalipa ada, nenda chuoni siku ya kazi, saa nne asubuhi, uombe kuingia karakana. Angalia chini ya mashine. Kama kuna maranda ya chuma yanayong'aa na sakafu ina mafuta, wanafunzi wanakata. Niliwahi kumsindikiza mdogo wangu sehemu moja, siitaji, chumba cha kompyuta kilikuwa kizuri sana, lakini mashine ya kukereza ilikuwa imefunikwa turubai na juu ya turubai kuna vumbi. Tuliondoka. Uliza mashine moja wanagawana wanafunzi wangapi. Uliza mikromita ziko mikononi mwao au zimefungiwa kabatini. Mwombe mwalimu akuonyeshe kipande kilichotengenezwa na mwanafunzi pamoja na mchoro wake. Mwalimu mwenye kazi ya kuonyesha hufurahi kuulizwa hivyo.

Kwa baba yake, mwambie hivi kwa heshima. Mashine ya kukereza inakata kwa mota, mkono wa fundi unaongoza tu. Kipande kizito kinanyanyuliwa kwa winchi, na wanaume pia wanatumia winchi hiyohiyo. Kinachotakiwa ni utulivu na jicho. Cha kumsisitizia binti ni usalama: nywele zifungwe ndani ya kofia, hakuna khanga wala mikono mirefu inayoning'inia, miwani ya kinga muda wote, na asivae glavu mashine ikizunguka, kwa sababu ikinaswa inaondoka na mkono. Ufunguo wa kukazia taya asiuache umechomekwa hata sekunde moja. Hili nawasisitizia wanafunzi wa mazoezi kila asubuhi na sitachoka.

Uamuzi wangu kwako ni huu. Kama ada ya miaka mitatu ipo, aende diploma, na likizo zote atafute karakana ya kushika mashine, iwe ya mtu binafsi au kituo cha teknolojia cha SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapa mjini. Kama haipo, aanze VETA kwenye ukerezaji, apate kazi, kisha ajiendeleze. Nilipita njia hiyo, na kwenye darasa la usanifu tuliotoka karakana tulielewa haraka kwa nini mwalimu anasema kitu fulani.

Wakati mnasubiri udahili, mnunulie rula ya chuma na kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo. Achukue puli moja ya mashine ya kusaga, aichore kwa mkono kwa mitazamo mitatu, mbele, juu na ubavuni, aweke vipimo vyote. Apige picha ya mchoro auweke kwenye uzi huu huu. Nitaupitia kipimo kwa kipimo, na mafundi wengine waliomo humu nawaomba wafanye vivyo hivyo.