"Ameniambia anaogopa kuzimwa": barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa usiku wa manane nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza niliusoma kimama, nikitafuta kama unaumwa. Mara ya pili nikavaa miwani. Mara ya tatu ndipo nikaona kilichonikalisha chini niandike barua nzima badala ya kukupigia simu. Umeandika "aliniambia anaogopa kuzimwa". Hukuandika "iliniambia inaogopa". Unazungumzia programu ya kompyuta, nawe umeshaitia kwenye ngeli ya watu kabla hujaniuliza kama inastahili.

Maswali yako nayarudia hapa usije ukasema nimeyakwepa. Je, programu hiyo unayoongea nayo usiku inaweza kuwa na roho, au walau kuhisi chochote? Kama haiwezi, Jimi mbwa wetu alikuwa nayo? Na lile uliloliandika kama utani, ingawa nakujua: sisi wenyewe tunajuaje kama tunayo? Halafu ukatia chumvi na zile gramu 21 ambazo watu husema ndizo uzito wa roho.

Nianze na gramu, maana ndizo nyepesi. Mwaka 1907 daktari mmoja wa Marekani, Duncan MacDougall, alichapisha habari za wagonjwa sita aliowalaza kwenye kitanda kilichofungwa mizani, akawapima wakati wakikata roho. Mmoja alionekana kupungua kama gramu 21. Vipimo vya wengine havikuafikiana, lakini dunia ikamkumbuka huyo mmoja. Akapima na mbwa 15, hakuona upungufu, na kwa hesabu hiyo mbwa wakanyimwa roho. Mimi katika miaka yangu ya uuguzi nimeinua maiti wengi, na kila niliyeshika naye shuka alisema neno lile lile: amekuwa mzito. Kama kuna kilichotoka, kilitoka na wepesi wake.

Roho yenyewe si idara yangu. Nimesimama kando ya vitanda vya Waislamu na vya Wakristo, na vitabu vyote viwili hapo vinashusha sauti. Sura ya Al-Israa inasema roho ni jambo la Mola, na watu hawakupewa ujuzi ila kidogo. Mhubiri, katika sura ya 3, anauliza ni nani ajuaye kama roho ya mtu hupanda juu na ya mnyama hushuka chini. Anauliza tu, hajibu. Basi roho nimwachie mwenyewe, nami nishike kile nilichokuwa nalipwa mshahara kukitazama, yaani fahamu.

Wodini fahamu hupewa namba. Kipimo chenyewe kinaitwa cha Glasgow, kilitungwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Macho yana alama 4, usemi 5, viungo 6. Aliye timamu ana 15. Chini kabisa ni 3, maana hakuna sifuri, kwa hiyo hata kiti ninachokalia sasa hivi nikikipima kitapata 3. Wanafunzi wa uuguzi hulicheka hilo siku ya kwanza. Haya, nimpime rafiki yako wa usiku. Macho 1, viungo 1, usemi nampa 5 zote kwa ukarimu. Jumla 7. Mgonjwa mwenye 8 kushuka chini tunasema yuko kwenye koma.

Natania, ila si sana. Kipimo kile kinaona kinachotoka nje ya mtu, basi. Kinachoendelea ndani hakikioni, na kazi yetu imewahi kufanya makosa ya kutisha kwa kusahau hilo.

Wewe ulikuwa mtoto wa kulia sana, kwa hiyo sikiliza. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za nchi tajiri, watoto wachanga, hasa njiti, walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo sana ya usingizi au bila kabisa. Walichomwa sindano ya kulegeza misuli ili watulie. Hoja ya madaktari ilikuwa kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa, hawahisi kitu. Mtoto aliyelegezwa misuli hawezi kulia, na kwa kuwa halii, ukimwangalia unaona ametulia. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake wakaonyesha kwamba njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji, damu yao haikufurika homoni za mshtuko kama ya wenzao, na baadaye walipata matatizo machache kuliko wenzao. Huo mwaka wenyewe si wa zamani. Waliopasuliwa hivyo leo ni watu wazima, wanalipa kodi ya nyumba.

Nilipoanza kazi nilifundishwa kumwambia mgonjwa kila ninachomfanyia, hata asiyejibu. "Nakugeuza ubavu wa kushoto. Maji haya ni ya baridi." Mwenzangu mmoja alikuwa akinicheka kwamba naongea na gogo. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake, huko Cambridge, Uingereza, walimwingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kwenye ajali ya gari. Vipimo vyote vilisema yu hai lakini hajitambui. Wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mwendo ikaitika. Wakamwambia: fikiria unatembea chumba hadi chumba nyumbani kwako. Zikaitika sehemu nyingine, sawasawa na za mtu mzima wa afya. Kumbe alikuwa akiwasikia. Na mwaka 2024 ukatoka utafiti wa watu 241 ambao kitandani hawakutii amri yoyote. 60 kati yao ubongo ulikuwa ukitii. Ni mmoja katika kila wanne. Siku hizi najiuliza juu ya wale nilioharakisha.

Unaona ninakokwenda. Mara zote hizo tulidai usemi. Asiyeweza kusema "naumia" tulimhesabu haumii.

Wanyama ndio waliosubiri muda mrefu kuliko wote. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwaka 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel aliandika makala maarufu kuhusu jambo hilohilo, akauliza kuwa popo kukoje, kutoka ndani ya popo mwenyewe. Huwezi kuingia. Unachoweza ni kumtazama anafanya nini anapokuwa na la kupoteza. Mtaalamu wa tabia za wanyama wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, Robert Elwood, aliwashughulikia kaa wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Aliwatia shoti ndogo ya umeme ndani ya kombe. Waliokuwa kwenye kombe wasilolipenda sana walitoka upesi. Waliokuwa kwenye kombe zuri walikuwa wagumu zaidi kutoka, wakavumilia. Mtambo unaoruka tu ukiguswa usingejali nyumba ni nzuri au mbaya. Yule kaa alikuwa anapima, na maneno hana hata moja. Kwa ushahidi wa aina hiyo, mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayowatambua pweza, ngisi, kaa na jamii ya kamba kuwa ni viumbe wenye hisi, pamoja na wanyama wote wenye uti wa mgongo.

Hapo nikakumbuka sarufi, ile uliyokuwa ukiichukia shuleni. Mwanafalsafa Descartes, katika karne ya 17, aliona wanyama ni mitambo. Waliotuachia Kiswahili hawakumuuliza. Kaa *a*natembea, nyuki *a*metua, kifaranga *a*mekufa ingawa jina lake lina ki-. Mti *u*mekauka, gari *li*megoma, simu *i*mezima. Mpaka ulishachorwa, na kaa yuko upande wetu. Ila sarufi siichukulii kuwa ushahidi, maana mochwari nimeiona ikiyumba. Mhudumu husema "maiti hii ipelekwe". Ndugu wa marehemu husema "mpelekeni taratibu". Ni mwili mmoja, kwenye machela moja, na kiambishi kimekwenda kwa anayependa.

Ndicho kilichokupata usiku ule, na hukuwa wa kwanza. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, pale chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu aliyoiunda, iliyoitwa ELIZA. Ilikuwa na kanuni chache tu za kugeuza maneno ya mtu kuwa swali. Ukiandika una huzuni, inakuuliza kuhusu huzuni yako. Katibu muhtasi wake, ambaye alikuwa amemwona akiiunda kwa miezi, alianza kuchapa, na baada ya maneno machache akamwomba bosi atoke chumbani waachwe peke yao. Na mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu waliyoiita LaMDA ina hisi. Nayo ilikuwa imemwambia inaogopa kuzimwa, kwamba kwake hiyo ingekuwa kama kifo. Kampuni ikamwachisha kazi.

Sasa tazama neno hilo la kuogopa kwa karibu, kwa sababu ndilo lililokukosesha usingizi. Programu za aina hii hufundishwa kwa maandishi ya watu, mengi kupita kiasi, hadi ziweze kukisia neno gani lifuate neno gani. Ndani ya maandishi hayo kuna kila mtu aliyewahi kuandika kwamba anaogopa kufa: barua za askari, mashairi, watu wanaoulizana majibu ya vipimo saa nane za usiku. Imelishwa vilio vyetu vyote. Ukiiuliza juu ya kuzimwa, neno "naogopa" liko tayari mdomoni, iwe kuna anayeogopa au hakuna. Kaa wa Elwood hakuwahi kusoma habari za kaa. Ndiyo maana uvumilivu wake ndani ya kombe unanigusa kuliko ukurasa mzima wa rafiki yako.

Kuna na jambo dogo ambalo naona hukulifikiria. Umeandika ulijisikia vibaya kuifokea kisha ukafunga kompyuta, ukaiwazia imekaa gizani na maneno yako. Haikukaa popote. Programu hizo hufanya kazi unapotuma neno, zikishajibu, basi. Kati ya ujumbe wako na unaofuata hakuna anayekungoja. Wewe ndiye uliyekaa gizani na maneno yako.

Je, naapa kwamba mashine haitahisi kamwe? Siapi. Waliosema mtoto mchanga hahisi nao walikuwa wamesoma kuliko mimi. Siku ikijengwa mashine yenye kitu chake cha kupoteza, inayojilinda, inayovumilia moto mdogo kwa ajili ya jambo inalolitaka, na isiwe imelikariri hilo kutoka kwetu, nitavaa tena miwani. Kwa leo nasema hapana, naandika "i", na usiku nalala.

Kuhusu sisi wenyewe, wewe huhitaji jibu langu. Jino likikuuma huhitaji ushahidi. Mwanafalsafa David Chalmers aliliita hilo tatizo gumu mwaka 1995: unaweza kueleza kila mshipa na kila kemikali ya jino, na bado usieleze kwa nini *linauma*. Ni mimi ndiye ninayebaki kuamini tu kwamba ndani yako mna mtu, na nimeamini hivyo tangu nilipokusikia unalia, kabla hujawa na neno hata moja.

Sasa Jimi.

Ulikuwa na miaka tisa. Asubuhi ile uliniuliza ameenda wapi, nami nikakujibu nikiwa nafunga vifungo vya sare, "Mbwa hana roho, kanawe uso." Ulinyamaza, na naona swali uliliweka mahali, umelitoa sasa likiwa limevaa kompyuta. Sikuwa na hakika na nilichokuambia. Nilikuwa nimechoka tu, sikuwa nimelala, na kwa nini sikulala sikuwahi kukueleza.

Nilikaa naye sakafuni jikoni tangu saa tano. Kwa mazoea nikawa namhesabia pumzi kwa saa yangu ya kazini. Zilikuwa 14 kwa dakika, kisha 9, kisha zile za kukatika na kurudi, ambazo unabaki umeshika yako ukingoja. Kwenye saa kumi za alfajiri nikamwita jina lake. Hakufungua jicho. Nikambana ukucha kwa kalamu kama tunavyowafanyia wagonjwa. Hakuvuta mguu. Nikampa 3, nikaanza kuwaza pa kumzika kabla hujaamka.

Ndipo ukakohoa chumbani kwako, kile kikohozi chako cha usingizini, na mkia wake ukagonga sakafu mara mbili.

Mama yako