Unafufua gari la kujiundia? Anzia chini, rangi itasubiri

Magari ya kujiundia yana ujanja wake. Mnunuzi aliuziwa bodi ya faibaglasi (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, gundi inayokauka ikawa ngumu) na vikorokoro kadhaa, kisha akatafuta gari kuukuu la kutolea chesisi, injini na breki, akaunganisha mwenyewe. Kwa hiyo hata magari mawili ya jina moja hayafanani kwa ndani. Ukilikuta moja limelala bandani, kabla hujaligusa piga picha kila kona, kisha pekua makabrasha yote: risiti, michoro, hata karatasi yenye mafuta iliyoandikwa kwa penseli. Hicho ndicho kitabu chako cha mwongozo. Kingine huna.

Langu ni Nova, lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1971, kazi ya Richard Oakes na Phil Sayers. Halina milango, paa lote hunyanyuka pamoja na kioo cha mbele, na majirani hawachoki kuuliza. Bodi hiyohiyo iliuzwa Marekani kwa jina la Sterling na Australia kwa jina la Purvis Eureka. Ukiwa na gari adimu, jua ndugu zake kwanza, maana kipande cha bodi ambacho hukipati kwa jina la gari lako huenda kipo kwa jina lao. Vya chini havisumbui. Chini ya Nova kuna Volkswagen Beetle, na Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, basi spea zipo.

Faibaglasi haishiki kutu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Bodi inang'aa, chini chuma kimekwisha. Kwenye Beetle betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na tindikali yake huila sakafu taratibu. Chukua bisibisi, dungadunga pale. Ikizama, sakafu inakatwa na kuchomelewa upya kabla ya kazi nyingine yoyote. Papo hapo chini ya kiti, juu ya mgongo wa katikati, tafuta namba ya chesisi uilinganishe na kadi ya gari. Zikitofautiana, malizana na hilo kwanza.

Injini iliyolala miaka usiipige stata. Toa plagi, mimina oili kidogo ndani ya silinda, iache ilowane, halafu izungushe kwa mkono ukitumia spana kwenye puli. Mipira ya petroli badilisha yote bila kuikagua. Ikichuruzika juu ya injini ya moto, faibaglasi inawaka vibaya sana. Na kagua mabati yanayoizunguka injini. Injini hii hupozwa na upepo wa feni, na mabati hayo pamoja na mpira wa pembeni ndiyo huzuia hewa ya moto isivutwe tena juu. Waundaji wengi waliyatupa kwa kuona yanachukua nafasi. Bila hayo, injini itachemka hata ukiifanyia nini.

Umeme nao una mtego. Kwenye gari la chuma, bodi yenyewe ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Faibaglasi haipitishi umeme, hivyo kila taa inataka waya wake wa kurudi kwenye chesisi. Taa ya breki ukiiona inafifia unapowasha indiketa, usinunue balbu: fuata ethi.

Bodi iwe ya mwisho. Nyufa zinazotawanyika kama nyota ni dalili kwamba sehemu hiyo iligongwa au inavutwa na boliti. Ukipaka puti tu, zitarudi. Saga hadi kwenye nyuzi, weka mkeka mpya wa nyuzi hizo na rezini kwa upande wa ndani, na uvae barakoa nzuri, kwani vumbi lile huwasha ngozi na kuchokonoa mapafu. Boliti yenyewe ilegeze, uweke washa pana kabla ya kuikaza tena.