Barua kwa mwanangu anayeshtuka usiku

Mwanangu,

Salamu kutoka Karatu. Mahindi yamesimama vizuri na bibi yako anakusalimu. Umeniuliza kama una kasoro kichwani, maana tangu uanze kuishi peke yako Dar unashtuka saa nane za usiku kwa mlio wowote, moyo unakwenda mbio, na hulali tena mpaka adhana. Tena rafiki yako amekushauri usome saikolojia ya mageuko, nawe hujui kama ni elimu au porojo.

Ni elimu, yenye porojo zake. Inasema akili zetu, sawa na miili, zilijengeka kufuatana na maisha ya wahenga. Binadamu wa aina yetu wapo kwa takriban miaka 300,000. Kilimo kina kama 12,000, na chumba chenye mlango wa chuma ni cha juzi tu.

Ukishuka kutoka hapa hadi Ziwa Eyasi utawakuta Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Ni watu wa leo kama wewe, ila hulala pamoja, karibu na moto au kwenye vibanda vya nyasi. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha utafiti wao huko: watu wazima 33 walivaa mkononi vifaa vya kupima usingizi, kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja haukuzidi dakika 18. Na hakuna aliyepangiwa lindo! Wazee hulala mapema na kuamka mapema, vijana huchelewa, mwingine hugeukageuka tu. Kumbe bibi yako, anayefagia uwanja kabla jogoo hajawika, pengine yuko zamu.

Kushtuka nako kuna hesabu yake. Randolph Nesse, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, ameieleza vizuri: anayekimbia nyasi zilizotikiswa na upepo hupoteza jasho kidogo, asiyemkimbia simba hupoteza uhai. Basi sisi ni kizazi cha waliokimbia mara nyingi bure.

Kujua hayo hakukuletei usingizi. Kunakuondolea hofu ya pili, ile ya kukodoa macho gizani ukijihukumu kuwa umeharibika, na nadhani hiyo ndiyo inayokukesheza kuliko paka wa jirani. Lakini moyo ukienda mbio hata mchana, au chakula kikawa hakipiti, nenda hospitali. Jambo kuwa na asili ya kale hakulizuii kugeuka ugonjwa.

Porojo nilizozitaja utazisikia zaidi kwa wanaume wanaodai asili ndiyo iliyowafanya wasitulie na mke mmoja. Madai mengi ya namna hiyo ni magumu kupima, na hata yangekuwa kweli, kueleza tendo si kulihalalisha. Akija mchumba na hoja hiyo, mrudishie posa yake.

Sasa la maana. Binti wa shangazi yako anaanza mafunzo Dar mwezi ujao na hana pa kufikia. Anakoroma, najua. Mpokee hivyo hivyo, kitanda cha pili nitagharamia mimi. Nijibu kabla ya Jumapili, shangazi ananisumbua.

Baba yako