Mwanangu, usianze kwa kuhesabu miungu

Marahaba mama. Meseji yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa kihambani, shamba letu la nyumbani, nikashindwa kujibu kwa simu, leo jioni nimekaa nikuandikie vizuri. Umesema yule mwenzako wa chumba, binti wa Kivietnam, ameweka picha ya bibi yake juu ya kabati, mbele yake bakuli la wali, machungwa na vijiti vitatu vya udi, ulipomuuliza akakuambia leo ndo tarehe aliyofariki bibi. Na kwa vile mwalimu wenu amewapa muandike kuhusu dini za asili za Wapolinesia (watu wa visiwa vya Pasifiki), Wavietnam na Wamaya (wenyeji wa Mexico na Guatemala), ukaniuliza: baba, watu hawa waliwahi kukutana, na hizi si kitu kimoja tu, kuabudu mizimu kama alivyokuwa anafanya babu?

Hapana mama. Kufanana zinafanana, kote huko waliokufa hawajaenda mbali na wana haki yao kwa walio hai. Ila ukianza kuhesabu nani ana miungu mingapi utajaza daftari bure. Uliza kitakatifu chao kinakaa wapi.

Cha Wavietnam kinakaa nyumbani. Kuna meza ya mababu, na siku ya kufariki mtu, wanaiita giỗ, ndo wanaishika kila mwaka. Wanapika, marehemu anatengewa kwanza, udi unawashwa, watu wanasubiri mpaka udi uishe ndo wanateremsha chakula kilekile wanakaa wanakula wote, yani umekula sahani moja na bibi yako. Hata jiko lina mwenyewe, Ông Táo, tarehe 23 ya mwezi wa mwisho wa kalenda yao ya mwandamo anapanda mbinguni kutoa taarifa ya yaliyotokea humo ndani mwaka mzima, na anasafiri kwa samaki, kwa hiyo siku hiyo watu wanaenda kuachia samaki hai mitoni na kwenye maziwa.

Kwa Wapolinesia ni tofauti kabisa, kitakatifu kiko kwenye mwili wa mtu na ukoo wake. Wanaita mana, nguvu inayotoka kwa miungu ikashuka kizazi kwa kizazi mpaka kwa chifu, ndo maana Wamaori wanajifunza kutaja ukoo wao mpaka kwenye mtumbwi uliowaleta New Zealand, wanapita hapo mpaka kwa Ranginui baba mbingu na Papatuanuku mama dunia, waliokuwa wamekumbatiana gizani hadi mtoto wao Tane akawatenganisha mwanga ukaingia. Uzio wa hiyo mana ni tapu. (Usichanganye na tabu yetu ya shida, ile ni ya Kiarabu, tapu Kiswahili chake ni mwiko.) Kule Hawaii mwanamke alikatazwa kula nguruwe, nazi na aina nyingi za ndizi, na kula pamoja na wanaume, ukivunja unaweza kuuawa. Mwaka 1819 mfalme wao Kamehameha wa kwanza alipofariki, mwanae Liholiho akasogea kwenye meza ya wanawake, akakaa, akala mbele ya watu wote. Waliomsukuma kufanya hivyo ni mama yake Keopuolani na Kaahumanu, mjane wa baba yake. Hakuna kilichowapata. Mahekalu yakaanza kubomolewa, na wamisionari walikuwa hata hawajatia nanga, walifika 1820. Mi nikifika hapo huwa nafunga kitabu kwanza, dini ya visiwa vizima kuyumbishwa na mlo mmoja.

Wamaya kwao kitakatifu ni siku zenyewe. Mwaka 1562 padri Diego de Landa alichoma vitabu vyao pale Maní, Yucatán huko Mexico, leo duniani vimebaki vinne tu vya namna ile. Lakini hesabu ya siku ilikuwa vichwani mwa watu. Nyanda za juu za Guatemala mpaka leo wapo wazee, wanaume kwa wanawake, wanaitwa ajq'ij, wanashika kalenda ya siku 260, majina 20 yanazungushwa na namba 13, na kila siku ina mwenyewe anayetajwa kwa heshima kama mzee wa ukoo. Ukiwa na shida unamfuata ajq'ij, anamwaga mbegu nyekundu mezani, anazipanga mafungu ya nne nne, anahesabu siku juu yake mpaka siku ikujibu. Na pale Chichicastenango wanafukiza kwenye ngazi za kanisa la Mtakatifu Tomaso, ubani wao ni kopali, jina ambalo wafanyabiashara walikuja kuipa sandarusi yetu ya pwani.

Kuhusu kukutana, viazi vitamu asili yake ni Amerika na Wapolinesia walikuwa navyo kabla ya Mzungu kufika, kwa hiyo inaelekea kuna waliovuka bahari, ila hizi dini sioni kama waliazimana.

Sasa babu yako. Unakumbuka masale yale, mimea ya majani marefu, kwenye makaburi ya kihambani? Hawaii wana mmea unaitwa ki, majani marefu vilevile, picha yake nilidhani imepigwa hapa kwetu. Wao wanaupanda kuzunguka nyumba kuzuia mabaya, sisi Wachaga sale unampelekea uliyemkosea akusamehe. Ndo maana nakuambia usiishie kwenye kufanana. Na hilo neno kuabudu uliangalie sana, babu alipomwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo chini kabla ya kunywa alikuwa anawapa wazee chao, basi. Mimi kijana nilirudi likizo nikamwambia mbele ya wageni kuwa ule ni ushetani. Alinyamaza siku mbili. Baadaye sana ndo nikasoma kwamba Kanisa Katoliki lenyewe liliwakataza Wavietnam heshima za mababu tangu karne ya 18, likaja kuwaruhusu miaka ya 1960, na babu alikuwa ameshazikwa, sale sikumpelekea.

Kwa hiyo huyo binti ukimkuta tena na picha ile, nunua matunda mazuri uweke pale, usiguse chungwa kabla udi haujaisha, na muulize bibi alikuwa anapenda kupika nini, afu uniandikie.

Baba yako